Somo la Redio: Kuchagua Vifaa vya Kuwafundishia Vijana Haki za Mtoto



Siku chache zilizopita ndugu mmoja katekista, ambaye kijiji chake ki mbali na misioni, alikuja kwangu na mfuko begani. Ndani yake mlikuwa na picha tano kubwa, kijitabu kimoja cha Kifaransa, kijitabu kingine cha Kiswahili kilichochakaa, na hadithi moja iliyochapwa kwenye karatasi. Akaniambia: «Mwalimu, wageni walipita kwetu wakaniachia vitu hivi, ili niwafundishe vijana haki za mtoto. Nianze na kipi?» Nikamjibu: «Ndugu yangu, usianze na chochote kabla hatujavitazama pamoja.» Basi tuliketi chini ya mwembe tangu asubuhi hata jua likawa juu ya vichwa vyetu. Aliporudi kwao mfuko ulikuwa mwepesi. Picha tatu, kijitabu cha Kiswahili na ile hadithi vilibaki kwangu, wala sitavirudisha. Leo nataka kuwaeleza sababu, kwa maana walimu wengi, na wazazi pia, huletewa vitu vya namna hii, wakadhani kwamba kila kilichochapwa vizuri chafaa kufundishia.

Kabla ya vitabu na picha, tulitazame neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu neno haki lina kazi nyingi. Mtu akishinda shauri, twasema: ana haki. Mwamuzi asiyependelea, twasema: mtu wa haki. Kwa hiyo ukisimama mbele ya vijana ukasema «mtoto ana haki», wengi watasikia «mtoto hakosi», kana kwamba katika kila ugomvi na babaye mtoto ndiye asemaye kweli. Wazazi nao husikia hivyo hivyo, wakakasirika. Kifaransa hutenga mambo haya kwa maneno mbalimbali. Sisi tuna neno moja, nasi yatupasa kulifafanua. Mimi huwaambia vijana hivi: haki ya mtoto ni kile anachostahili kupewa kwa sababu yeye ni mtu, hata kama hajakilipia, hata kama ni mtundu, hata kama hana baba wala mama. Mtoto mtundu huonywa, lakini hanyimwi maji ya kunywa. Mfano huo wa maji huwaingia upesi kuliko maelezo yangu yote.

Neno mtoto nalo lina shida yake. Kijijini msichana wa miaka 15 aliyekwisha kuzaa huitwa mama, na mvulana wa miaka 16 achimbaye dhahabu huitwa mwanaume. Lakini Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yasema kwamba kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto. Ndiyo kusema, wale wawili wangali watoto mbele ya sheria, na somo letu ni lao pia. Tena mara nyingi wao ndio wasiokuwamo darasani.

Sasa tuje kwenye mfuko. Kijitabu cha Kifaransa kilikuwa na vifungu vyote 54 vya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Umoja wa Mataifa uliupitisha tarehe 20 Novemba 1989. Nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule, iliukubali mwezi wa Septemba 1990. Wengine husema mambo haya ni ya wapinga dini. Wajue kwamba Kiti Kitakatifu cha Roma kiliukubali Mkataba huo huo mwezi wa Aprili mwaka ule, mbele yetu. Kijitabu hicho ni kizuri, nami nilimrudishia ndugu yangu. Lakini nilimwambia: «Hiki ni chako wewe, si cha vijana. Kisome usiku kwa taa, kesho uwaambie kwa Kiswahili.» Kifaransa chake ni cha mahakimu. Kijana atakariri maneno, asijue kama yamhusu yeye au mtoto wa Ulaya.

Hapa nikiri jambo. Sisi makatekista tumelelewa kwa maswali na majibu ya kukariri, nami nayapenda, maana mambo niliyojifunza hivyo nikiwa mdogo sijayasahau hata leo. Basi zamani nilitunga maswali kumi na majibu kumi ya haki za mtoto. Vijana wakayashika kwa juma moja, wakayaimba vizuri kama wimbo. Siku ile nikamwuliza mmoja wao: «Jana, kati ya asubuhi na jioni, uliona haki gani ikitunzwa au ikivunjwa hapa kijijini?» Akanitazama tu. Nikamwuliza wa pili, naye akaanza tena jibu la kwanza. Siku hizi natumia maswali na majibu kwa kufunga somo, si kwa kulifungua.

Kijitabu cha Kiswahili kilitupendeza kwa lugha yake, lakini nilimwomba ndugu yangu atafute mwaka kilipochapwa. Ulikuwa kabla ya 2009. Fungua ukurasa wa ndoa: kimeandika kwamba msichana aweza kuolewa akiwa na miaka 15. Kweli, Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ndivyo ilivyosema. Lakini Sheria ya kumlinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, ilikataza ndoa ya mtoto, na mwaka 2016 Sheria ya Jamaa yenyewe ikarekebishwa: miaka 18 kwa mvulana, na 18 kwa msichana. Tena kijitabu kilisema wazazi hawana budi kulipa ada ili mtoto asome shule ya msingi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, yasema masomo hayo ni ya lazima tena ni bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 Serikali ilianza kulitekeleza neno hilo nchini kote. Fikirini sasa: baba ambaye amekwisha kupokea mbuzi wa mahari kwa ajili ya binti wa miaka 15, akikiona kijitabu kile mkononi mwa katekista, atakiinua juu mbele ya watu wote. Kitabu cha haki kitakuwa kimemwoza binti huyo. Kwa hiyo tazameni mwaka kabla ya kutazama uzuri.

Tukafika kwenye picha, na hapa tulikaa muda mrefu.

Picha ya kwanza ilikuwa ya msichana mwenye ndoo ya maji kichwani, na juu yake wamechora msalaba mwekundu. Tulimwita mtoto aliyekuwa akipita njiani, tukamwuliza: «Waona nini?» Akajibu: «Msichana anapeleka maji hospitali.» Ni kweli, kwetu msalaba mwekundu ni alama ya dawa. Mchoraji alitaka kusema: kazi hii ni marufuku kwa mtoto. Na hata kama mtoto angeelewa hivyo, lingekuwa kosa lingine. Mkataba, katika kifungu cha 32, haumkatazi mtoto kumsaidia mamaye. Wamkinga na kazi inayomdhuru mwili au inayomzuia kusoma. Ndoo moja kabla ya shule ni malezi. Safari tano za kisimani wakati wenzake wako darasani ni jambo lingine. Kupasua mawe machimboni kutwa nzima hata kifua kikauma ni jambo lingine tena. Picha ile haikutenganisha mambo haya, nayo ingewaudhi akina mama wote wa kijiji bure.

Picha ya pili: mvulana mwenye bunduki kubwa kuliko yeye. Picha ya tatu: mtoto anapigwa, analia, na mpigaji haonekani ila mkono wake. Ndugu yangu alizipenda hizi mbili. Alisema zina nguvu, zitawaamsha vijana. Nikamwuliza: «Katika darasa lako, hamna hata mmoja aliyepita porini na watu wenye silaha?» Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Wako wawili.» Nikamwambia: «Basi siku utakapoiinua picha hii, wenzao wote watageuza shingo kuwatazama hao wawili.»

Hilo ndilo neno kubwa la somo letu la leo. Mbele ya kila picha, hadithi au wimbo, mwalimu ajiulize: mwishoni, aibu yamwangukia nani? Yule mtoto wa darasani ambaye jambo hili limempata, ataweza kukaa hapa hadi mwisho akiwa ameinua uso? Picha ya mtoto na bunduki yaonyesha mtoto peke yake. Aliyempa bunduki hayumo. Picha ya mtoto apigwaye yaonyesha machozi, lakini mpigaji amefichwa, kana kwamba yeye ndiye anayestahili kusitiriwa.

Kama mnataka kuwafundisha vijana habari za watoto walioingizwa vitani, simulieni jambo lililotokea katika nchi yetu wenyewe. Thomas Lubanga, aliyekuwa mkuu wa kikundi cha wapiganaji huko Ituri, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague. Tarehe 14 Machi 2012 alionekana na hatia ya kuwaandikisha watoto wasiotimiza miaka 15 na kuwatumia katika mapigano ya miaka ya 2002 na 2003. Baadaye akapewa kifungo cha miaka 14. Hukumu hiyo ilikuwa ya kwanza kutolewa na mahakama ile tangu kuanzishwa kwake. Vijana wakiisikia habari hiyo, waulizeni: «Ni nani aliyesimamishwa kizimbani? Ni watoto?» Watajibu wenyewe. Nimeona mvulana mmoja aliyekuwa akiinama siku zote akiinua kichwa aliposikia jibu la wenzake.

Picha mbili zilizosalia tulizikubali. Moja ni ya baba na mama wenye mtoto mchanga, wamesimama mbele ya meza ya karani wa serikali. Nyingine ni ya watoto wameketi duara na mmoja anasema, wengine pamoja na mwalimu wanamsikiliza. Si picha za kutisha. Watu huzidharau kwa sababu hiyo.

Sasa ile hadithi. Sikuwa na haja ya kuisoma, maana naijua. Miaka kadhaa iliyopita mtu mmoja aliniletea nakala ya hadithi hiyo hiyo, nami nikaisoma darasani bila kuipitia kwanza. Mwanzo wake ni mzuri: mtoto amefiwa na mama, mke wa babaye anamwita mchawi, ananyimwa chakula, anafukuzwa. Vijana walisikiliza kimya kabisa. Lakini mwishoni mtoto yule anapelekwa kwa waombaji, anatapika uchawi wake, na nyumba inapata amani. Yaani hadithi iliyoandikwa «haki za mtoto» juu yake ilikuwa imethibitisha kwamba mtoto alikuwa mchawi kweli! Nilipofika maneno yale ya mwisho nilitambua kosa, lakini midomo yangu ilikuwa imekwisha kusoma. Nikainua macho. Darasa zima lilikuwa linamtazama mvulana mmoja aliyeketi karibu na mlango. Yeye alikuwa anakaa kwa bibi yake, mamaye amekufa, na maneno yalikuwa yanasemwa juu yake kijijini. Sikuyajua maneno hayo. Katekista asiyejua maneno ya kijiji chake amejifunza nini?

Hakurudi darasani juma lile wala lililofuata. Nilikwenda kwa bibi yake mara tatu. Mara ya kwanza hakunikaribisha kuketi. Mara ya pili nilimwambia waziwazi kwamba nimekosa, na kwamba Katiba, katika kifungu kile kile cha 41, yakataza kumshtaki mtoto uchawi, tena sheria humwadhibu afanyaye hivyo. Akaniuliza: «Mbona hukuyasoma hayo darasani?» Sikuwa na jibu. Nikarudi nikayasoma mbele ya vijana, nikawaambia kwamba hadithi ile ilidanganya, na kwamba mimi nimeisoma kwa uzembe. Mara ya tatu mvulana alitoka nje akanisindikiza hadi njia panda. Alirudi baada ya siku mbili, akaketi pale pale karibu na mlango.

Tangu siku ile sisomi hadithi darasani kabla ya kuisoma mara mbili nyumbani, na mara ya pili naanzia mwisho. Michezo ya kuigiza nayo vivyo hivyo. Yafundisha sana, lakini msimpe mtoto aliyeteswa sehemu ya mtoto anayeteswa. Mpeni awe chifu, au hakimu, au mwalimu. Na kama hadithi ina mwisho mbaya, ikateni katikati, mwaachie vijana waimalize wenyewe.

Ndugu yangu alihuzunika kuona vitu vingi vinabaki. Akasema: «Sasa nitafundisha na nini?» Nikamfundisha mchezo usiogharimu hata faranga moja. Kateni vipande kumi vya katoni. Juu ya kila kimoja chora kwa makaa kitu kimoja: maji safi, chakula, shule, dawa, jina katika kitabu cha serikali, kucheza na kupumzika, kusikilizwa, simu, baiskeli, nguo ya sikukuu. Wagawe vijana watano watano. Waambie: «Ninyi mmo katika mtumbwi ziwani, na vitu hivi kumi ndiyo mizigo yenu. Upepo umevuma, mtumbwi unajaa maji. Tupeni vitu viwili.» Watatupa simu na nguo, pengine kwa kunung'unika. «Upepo umezidi. Tupeni viwili tena.» Hapo baiskeli yaenda, kisha ugomvi waanza, na huo ugomvi ndio somo. Msiwaamulie. Waulizeni tu: kwa nini hiki na si kile? Watagundua wenyewe kwamba kuna vitu mtu anavyovitamani, na kuna vitu ambavyo mtoto akivikosa hakui vema. Vile vya kwanza si haki, vya pili ndivyo.

Katika kijiji chetu kila kundi lilitupa mapema «jina katika kitabu cha serikali» na «kusikilizwa». Jina, walisema, haliliwi. Ndipo nilipoitundika ile picha ya karani. Sheria ya 2009 yataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Nikawauliza: «Msichana anaozwa, naye asema ana miaka 15. Baba asema ana 19. Nani atamwamini msichana, bila karatasi?» Mvulana akikamatwa, hakimu atajuaje kwamba huyu ni mtoto, asimfunge pamoja na wakubwa? Watoto wawili wakaokota katoni yao majini. Kuhusu kusikilizwa, ambako ni kifungu cha 12 cha Mkataba, sikupata nafasi ya kusema neno. Msichana mmoja alisema: «Nisiposikilizwa, nitasemaje kwamba naumwa?» Nikanyamaza, maana alikuwa amemaliza somo.

Jambo la wazazi nalo halifai kusahauliwa. Onyesheni vifaa vyote kwa wazazi kabla ya kuvionyesha kwa vijana. Mkataba wenyewe, katika kifungu cha 42, wataka wakubwa na watoto pia wajulishwe mambo haya. Mzee mmoja alinisimamisha barazani akaniuliza: «Mwalimu, mwawafundisha watoto wetu kutushtaki?» Nilimsomea kifungu cha 31 cha Hati ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto, iliyopitishwa Addis Ababa mwezi wa Julai 1990. Kifungu hicho kinahusu wajibu wa mtoto: awaheshimu wazazi na wazee nyakati zote, awasaidie wakiwa na shida, ailinde jamaa isivunjike. Mzee akasema: «Kumbe Waafrika walikuwako walipoandika.» Akaketi. Kama kijitabu mlicholetewa kina haki tu na hakina hata ukurasa mmoja wa wajibu, ongezeni wenyewe ukurasa huo. Lakini angalieni: wajibu si bei ya haki. Mtoto asiyetii bado anastahili dawa.

Na fimbo? Fimbo iliyoegemezwa ubaoni nayo ni kifaa cha kufundishia, nayo hufundisha kwa nguvu kuliko picha. Mkataba, kifungu cha 28, wataka nidhamu ya shule ipatane na heshima ya mtoto kama mtu. Siku ya somo hili itoeni darasani, kisha mfikiri kama mna haja ya kuirudisha.

Neno la mwisho kwa walimu. Kifaa kizuri hufungua midomo. Baada ya somo mtoto aweza kubaki nyuma akakuambia jambo zito la nyumbani kwao. Usimwulize mbele ya wenzake. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa maana huenda utalazimika kutafuta msaada. Usikimbilie nyumba ya mshtakiwa kwa hasira. Msikilize, mwambie kwamba hakukosa kusema, kisha mpeleke kwa mtu mwenye kazi hiyo: muuguzi kama ameumizwa, mfanyakazi wa mambo ya jamii, au polisi, ambayo ina kikosi cha kumlinda mtoto. Sheria ya 2009 iliweka pia mahakama maalum ya watoto. Andikeni majina na mahali pa watu hao ndani ya daftari lenu kabla ya siku ya somo.

Kazi ya juma hili ni hii. Twaeni picha moja au hadithi moja mliyo nayo. Mwonyesheni mtoto mmoja, si darasa zima, mkamwulize: «Waona nini? Nani amekosa hapa?» Andikeni majibu yake kama alivyoyasema, bila kuyasahihisha, mniletee misioni siku ya soko. Sasa zimeni redio, mzungumze kwa dakika kumi, na atangulie kusema aliye mdogo kuliko wote waliopo.